Ikiwa mwili ndio unaopanga majukumu ya wanaume na wanawake, kwa nini jamii inalazimika kuyasimamia?

Mdadisi aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikifuatilia mijadala kuhusu majukumu ya wanaume na wanawake, na nimeona kwamba mara nyingi inakwama pale pale: upande mmoja unasema maumbile yameshaamua nani alee na nani atafute, upande mwingine unasema yote hayo yametokana na malezi na mila, kisha kila mmoja anaondoka na msimamo aliokuja nao. Sitaki kuuanzisha upya ugomvi huo. Ninakubali kwamba zipo tofauti za kimwili ambazo hakuna mila inayoweza kuziondoa, kwa kuwa mimba hubebwa na mwanamke, na kwa wastani mwanamume ana misuli yenye nguvu zaidi, hasa ya mikono na mabega. Ninachotaka kufahamu ni kinachofuata baada ya hapo. Tofauti hizo chache zinageukaje kuwa orodha ndefu ya mambo ambayo hayana uhusiano wa wazi na mimba wala misuli, kama vile nani anafaa kuwa mhasibu, nani anaruhusiwa kulia mbele ya watu, nani anaanza kuzungumza mkutanoni, na nani anaamka usiku mtoto anapougua? Je, upo ushahidi unaoweza kututenganishia sehemu ya mwili na sehemu ya jamii? Nitashukuru zaidi kwa mifano inayoweza kuchunguzwa kuliko kwa maoni.

Kalamu Nzito alijibu:

Ndugu Mdadisi, kwanza tutenganishe tofauti na jukumu. Tofauti ni jambo linalopimika, kama urefu au nguvu ya mkono. Jukumu ni tofauti iliyoongezewa kanuni na adhabu: kwamba mtu wa aina fulani anapaswa kufanya jambo fulani, na asipolifanya atachekwa, atasemwa, atanyimwa kazi au atakosa mchumba. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alikwishalieleza jambo hili mwaka 1869, aliposema kwamba hakuna haja ya kuwakataza wanawake kufanya yale ambayo maumbile yenyewe yamewanyima uwezo wa kuyafanya. Hakuna nchi iliyowahi kutunga sheria ya kuwakataza wanaume kunyonyesha. Kwa hiyo, kila tunapokuta katazo, tunapaswa kushuku kwamba kuna uwezo unaozuiliwa.

Sasa nije kwenye ushahidi. Njia mojawapo ni kuwachunguza watu wazima wanavyomtazama mtoto ambaye bado hajui lolote kuhusu uke wala uume. Mwaka 1976 watafiti John na Sandra Condry waliwaonyesha watu picha za video za mtoto mchanga mmoja, akiletewa vitu mbalimbali, kikiwemo kisanduku chenye mwanasesere anayefyatuka ghafla. Baadhi ya watazamaji waliambiwa kwamba ni mvulana na wengine kwamba ni msichana. Mtoto alipostuka na kulia, walioamini kuwa ni mvulana walielekea kuona hasira, na walioamini kuwa ni msichana walielekea kuona hofu, ingawa kilio kilikuwa kile kile. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mwingine ambao mimi binafsi ninauthamini zaidi, kwa sababu unapima makadirio dhidi ya matokeo halisi. Akina mama wa watoto wa miezi 11 waliombwa wakadirie ni mteremko mkali kiasi gani ambao mtoto wao angeweza kuuteremka kwa kutambaa. Wenye watoto wa kiume walikadiria kupita uwezo wa watoto wao, na wenye watoto wa kike walikadiria chini ya uwezo huo. Watoto wenyewe walipojaribiwa, hapakuwa na tofauti kati ya wavulana na wasichana.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni makosa madogo yasiyo na madhara, lakini tuyafuatilie yanakoelekea. Mtoto anayedhaniwa kuwa na hofu huchukuliwa na kubembelezwa. Anayedhaniwa kuwa na hasira huachwa apambane na kile kisanduku. Anayedhaniwa kuwa hawezi kuteremka hushikwa mkono, na mwenzake huachwa ateremke, aanguke na ajifunze. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi kila siku kwa miaka, kile kilichoanza kama dhana ya mzazi kinakuwa uzoefu halisi wa mwili wa mtoto, na hatimaye tofauti inayopimika inapatikana kweli kweli. Sidai kwamba majaribio hayo mawili yanatosha kuthibitisha mlolongo wote huo. Yanaonyesha mlango ambao mlolongo huo unaweza kuingilia.

Watoto nao huyapokea mafundisho hayo mapema. Utafiti wa Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian uliochapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba watoto wa miaka 5, wa kike na wa kiume, kila mmoja alielekea kuwahusisha watu wa jinsia yake na werevu wa hali ya juu. Kufikia miaka 6 na 7, wasichana walikuwa wamepunguza kufanya hivyo, na walionyesha hamu ndogo zaidi katika mchezo ulioelezwa kuwa ni wa watoto wenye akili nyingi sana. Baleghe bado iko mbali katika umri huo. Sijui badiliko lolote la mwili kati ya miaka 5 na 6 ambalo lingeweza kubebeshwa mzigo wa matokeo haya. Kinachobadilika wakati huo kwa watoto wengi ni kuingia shule na kusikia watu wengi zaidi wakizungumza.

Mpima Hoja alijibu:

Ninamheshimu Kalamu Nzito, lakini naomba tusiuelekeze mjadala upande mmoja. Kuna ushahidi mgumu ambao wanaotetea nguvu ya malezi hupenda kuuruka.

Wa kwanza ni wa watoto wa kike wanaozaliwa na hali ambayo tezi zao za adrenali, zilizo juu ya figo, hutoa homoni za kiume kwa wingi tangu wakiwa tumboni. Wanalelewa kama wasichana, na wazazi wao mara nyingi huwahimiza kabisa wawe wasichana wa kawaida, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa wastani huvutiwa zaidi na vitu vya kuchezea na michezo inayopendwa na wavulana kuliko dada zao wasio na hali hiyo. Ni vigumu kueleza matokeo hayo kwa kutumia malezi peke yake.

Wa pili ni mkasa wa David Reimer wa Kanada, ambao unapaswa kumfanya kila mtu awe mnyenyekevu. Alizaliwa mwaka 1965 akiwa mvulana, uume wake ukaharibiwa katika tohara akiwa mchanga, na mwanasaikolojia John Money akawashauri wazazi wake wamlee kama msichana, kwa imani kwamba utambulisho wa mtoto hutengenezwa na malezi. Kwa miaka mingi Money alilitangaza jaribio hilo kuwa limefanikiwa, ilhali mtoto mwenyewe aliukataa usichana huo na kuteseka. Alipofahamu ukweli akiwa kijana alirudi kuishi kama mwanamume, na mwaka 2004 alijiua. Jamii nzima iliyomzunguka, wakiwemo madaktari, iliukazania usichana wake, na haikufanikiwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mwili hauko kimya. Atakayesema kwamba mtoto ni karatasi tupu ambayo jamii huandika itakavyo, ajibu kwanza mambo haya mawili.

Fundi wa Nyaraka alijibu:

Mpima Hoja yuko sahihi kuhusu karatasi tupu, na ninadhani hakuna mtafiti makini anayeshikilia msimamo huo leo. Hata hivyo, ushahidi wake unahusu mtu kujitambua yeye ni nani na mwelekeo wa anachokipenda. Swali la Ndugu Mdadisi linahusu jambo jingine: mgawanyo wa kazi, heshima na madaraka. Mtu anaweza kujitambua bila shaka yoyote kuwa mwanamke na bado asijue, mpaka aambiwe, kama uhasibu ni kazi ya kike au ya kiume. Hapo ndipo historia inapotusaidia, kwa sababu mwili wa binadamu hubadilika polepole mno, na majukumu yanapobadilika ndani ya kizazi kimoja hatuwezi kusema kwamba ni mwili uliobadilika.

Tuanze na kompyuta. Mwaka 1945 na 1946, mashine ya ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipokuwa ikitayarishwa huko Philadelphia nchini Marekani, kazi ya kuipangia hatua za kukokotoa ilikabidhiwa wanawake 6: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hawakukabidhiwa kwa kutukuzwa. Kuiunda mashine kulihesabiwa kuwa uhandisi, kwa hiyo kulikuwa kwa wanaume. Kuipangia hatua kulihesabiwa kuwa aina ya ukarani, kwa hiyo kulikuwa kwa wanawake. Kazi hiyo ilipokuja kuonekana kuwa ngumu, yenye fedha na yenye sifa, maelezo kuhusu maumbile nayo yaligeuka, na tukaanza kuambiwa kwamba akili ya kiume ndiyo iliyoumbwa kwa ajili ya kuandika programu. Nchini Marekani, wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka 1984. Kufikia mwaka 2010 walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 18. Katika kipindi hicho hicho idadi yao katika udaktari na uanasheria ilikuwa ikipanda. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni kwamba kompyuta za nyumbani ziliuzwa kama vifaa vya wavulana, hivyo walioingia chuoni wakiwa wameshazizoea wakawa ni wavulana, na walimu wakaanza kuuchukulia uzoefu huo kama kipaji.

Ukarani wenyewe ulipita njia hiyo kinyumenyume. Katika Uingereza na Marekani za karne ya 19, karani alikuwa mwanamume, na kijana aliyeanza kwa kunakili barua angeweza kuja kuwa meneja. Taipureta zilipoenea na ofisi zikahitaji watu wengi wa bei nafuu, wanawake waliajiriwa kwa wingi, mishahara ikawa midogo, ngazi ya kupandia umeneja ikaondolewa, na baada ya muda si mrefu ikasemwa kwamba vidole vya mwanamke ni vyepesi kwa asili. Ukatibu muhtasi ukawa wa kike kana kwamba haujawahi kuwa vingine. Hili la mishahara halikuishia hapo: uchambuzi wa takwimu za sensa za Marekani za kuanzia 1950 hadi 2000, uliofanywa na Asaf Levanon, Paula England na Paul Allison, ulionyesha kwamba kazi ambazo sehemu ya wanawake iliongezeka zilielekea kushuka malipo baadaye, hata kiwango cha elimu kilichohitajika kilipozingatiwa.

Tusisahau sheria, maana kuna watu wanaozungumza kana kwamba mila huelea tu hewani. Nchini Ireland, mwanamke mtumishi wa serikali alilazimika kuacha kazi alipoolewa, na kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1973. Ufaransa ilisubiri hadi mwaka 1965 ndipo mwanamke aliyeolewa akaweza kufanya kazi na kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Katika Ujerumani Magharibi, hadi mwaka 1977, sheria ilimruhusu mke kufanya kazi ya mshahara endapo tu haikugongana na wajibu wake wa nyumbani. Mtu aliyekulia chini ya sheria kama hizo angeona wanawake wachache kazini na kudhani kwamba anatazama maumbile, kumbe anatazama matokeo ya kifungu cha sheria.

Sasa nijibu kiini cha swali, yaani tofauti chache za mwili zinageukaje kuwa orodha ndefu. Mfano bora ninaoufahamu ni wa plau. Mwaka 1970 mwanauchumi Ester Boserup alitoa hoja kwamba pale ambapo watu walilima kwa jembe la mkono au mti wa kuchimbia, wanawake walishiriki sana katika kilimo, na pale ambapo walilima kwa plau inayokokotwa na wanyama, ambayo huhitaji nguvu kubwa ya mikono kuishikilia na hairuhusu mtu kuwaangalia watoto wadogo kando yake, shamba likawa la mwanamume na nyumba ikawa ya mwanamke. Hadi hapo, mwili una sauti: nguvu na unyonyeshaji vina maana mbele ya plau kuliko mbele ya jembe. Lakini mwaka 2013 Alberto Alesina, Paola Giuliano na Nathan Nunn walichapisha uchunguzi wa kupima hoja hiyo, wakakuta kwamba watu ambao mababu zao walitumia plau bado leo wana wanawake wachache zaidi katika kazi za malipo, katika biashara na katika siasa. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa watoto wa wahamiaji waliozaliwa na kukulia Ulaya na Marekani, ambao huenda hawajawahi kuigusa plau. Nguvu za mkono zilikuwa na maana kwenye mpini wa plau, na hazina maana yoyote kwenye kiti cha ubunge. Kilichosafiri kutoka shambani hadi bungeni ni kanuni, iliyorithishwa na watu ambao walikuwa wameshasahau chanzo chake.

Mpima Hoja alijibu:

Mfano wa plau ninaukubali, kwa sababu hauifuti sehemu ya mwili. Lakini kuna tafiti kuhusu ushindani na kuthubutu zinazoonyesha wanaume wakipenda mashindano zaidi ya wanawake, na ushindani ndio unaompandisha mtu vyeo. Hilo nalo limetoka kwenye plau?

Kalamu Nzito alijibu:

Sijui kama limetoka kwenye plau, lakini halipo kila mahali. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha mwaka 2009 matokeo ya jaribio moja lililofanywa katika jamii mbili: Wamasai wa Tanzania, ambao urithi na madaraka hufuata upande wa baba, na Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambao mali hurithiwa upande wa mama na binti mdogo ndiye mrithi mkuu. Kila mshiriki alipewa kazi ya kurusha mpira kwenye ndoo, na akachagua ama kulipwa kwa kila mpira unaoingia, ama kushindana na mtu asiyemjua na kulipwa zaidi iwapo atamshinda. Kwa Wamasai, asilimia 50 ya wanaume walichagua kushindana, na asilimia 26 ya wanawake. Kwa Wakhasi, waliochagua kushindana walikuwa asilimia 54 ya wanawake na asilimia 39 ya wanaume. Ni jaribio dogo la jamii mbili tu, na lisibebeshwe mzigo usio wake. Linatosha, hata hivyo, kuondoa neno "daima" katika dai lako.

Mdadisi alirudi:

Nawashukuru wote. Jambo moja limeanza kunielea, kwamba mwili unaweza kuanzisha mwelekeo na jamii ikaukuza, ikaugeuza au ikauendeleza hata sababu yake ikiwa imekwisha. Naomba mniruhusu niongeze swali. Mifano mingi mliyoitoa inahusu wanawake waliozuiliwa kuingia mahali fulani. Wanaume je? Hakuna sheria inayomkataza baba kumwogesha mtoto wake, na bado baba wengi hawafanyi hivyo. Katazo liko wapi hapo?

Msomaji wa Pembeni alijibu:

Dada au kaka Mdadisi, katazo lipo, ila msimamizi wake mara nyingi si serikali. Ni wanaume wenzake, ni bosi wake, na wakati mwingine ni mama yake mzazi au mkewe, anayempokonya mtoto kwa sababu hajui kumshika. Mwanamke anayeingia katika kazi ya kiume husumbuliwa, lakini anaonekana amepanda. Mwanamume anayechukua kazi ya kike anaonekana ameshuka, na hiyo ndiyo sababu kuvuka upande huo kumekuwa kwa polepole zaidi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za utunzaji zisizolipwa.

Uswidi inatupa jaribio zuri la jambo hili. Mwaka 1974 nchi hiyo iliifuta likizo ya uzazi ya mama peke yake na kuweka likizo ya wazazi ambayo mama na baba wangeweza kugawana. Kisheria baba alikuwa huru kabisa, na bado mwaka huo wanaume walichukua chini ya asilimia 1 ya siku zote. Mwaka 1995 ikaongezwa kanuni kwamba mwezi mmoja ni wa kila mzazi na hauhamishiki. Baba asipouchukua, familia inaupoteza. Idadi ya baba waliochukua likizo ikaruka, siku nyingine zikatengwa baadaye, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 wanaume walikuwa wakichukua takriban asilimia 30 ya siku zote. Maumbile ya wanaume wa Uswidi hayakubadilika kati ya 1994 na 1996. Kilichobadilika ni jibu ambalo baba angeweza kumpa bosi wake: kabla ya hapo alikuwa anaomba apendelewe, na baada ya hapo alikuwa anachukua kitu ambacho kingepotea bure.

Nyongeza moja kwa Mpima Hoja, kwa kuwa amezungumzia homoni. Lee Gettler na wenzake waliwafuatilia vijana wa kiume 624 huko Cebu, nchini Ufilipino, kwa miaka minne na nusu, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliokuja kuwa baba walishuka sana kiwango cha testosteroni, homoni kuu ya kiume, kuliko ambao hawakupata watoto, na miongoni mwa akina baba, waliosema kwamba hutumia saa 3 au zaidi kwa siku kumtunza mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasioshiriki katika ulezi. Tumezoea kudhani kwamba homoni hutangulia na jukumu hufuata. Hapa inaelekea jukumu nalo linaifikia homoni.

Mpima Hoja alijibu:

Nilipousoma ujumbe huu pingamizi langu la kwanza lilikuwa kwamba pengine wanaume wenye testosteroni ndogo ndio wanaopenda kukaa na familia, kwa hiyo mshale unaelekea kule kule nilikosema. Lakini katika utafiti huo, walioanza na kiwango cha juu ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuwa na mke na mtoto, na kiwango kikashuka baada ya hapo. Kwa hiyo pingamizi hilo ninaliondoa kuhusu kuwa baba. Kuhusu zile saa 3 nitabaki na tahadhari, kwa sababu ni akina baba wenyewe waliojieleza ni saa ngapi wanazitumia, na sioni sababu ya kumwamini baba kwa hesabu hiyo bila kumuuliza na mama wa mtoto.